Lini upande viazi masika: hesabu ya mkulima wa miteremko ya Meru na Kilimanjaro

Kila mwaka ikifika wiki ya pili ya Machi, swali ni lile lile. Mtu ananipigia simu akiwa amesimama nje ya nyumba yake huko juu ya Ngaramtoni, anatazama mawingu yaliyokalia mlima, anasema: "Kaka, jana imenyesha ya nguvu. Tupande?" Nami namrudishia swali: "Mbegu yako imechipua?" Hapo mazungumzo yanapoa, maana mbegu yenyewe bado hajainunua.

Viazi mviringo, vile tunavyoviita viazi ulaya, vinampa hasara mkulima anayeanza na mvua. Mvua ndiyo inayokuja mwisho kwenye hesabu. Haya ninayoandika ni kwa mwenye robo ekari hadi ekari mbili tatu, asiye na mfereji wa uhakika, anayetegemea masika. Mwenye maji yake ya kumwagilia ana uhuru ambao sisi wengine hatuna, ingawa hatua ya mbegu na ya ugonjwa wa ukungu zinamhusu vilevile.

Weka pembeni kalenda ya wazungu

Siku hizi watu wanajifunza kilimo kwenye simu, jambo zuri. Tatizo linakuja pale unapomwona mkulima wa Uingereza anachomeka kipimajoto kwenye udongo mwezi Machi, nawe unaanza kutafuta kipimajoto Arusha mjini. Yule anangoja udongo wake ufike nyuzi joto 7 hadi 10, na anaogopa baridi ya usiku inayogandisha maji isije ikaunguza machipukizi. Ireland wana desturi ya kupanda viazi vya mapema siku ya Mtakatifu Patrick, 17 Machi. Tarehe hiyo inagongana na zetu kwa bahati tu. Yeye anakimbia baridi na kungoja joto. Sisi Februari na Machi tuna joto la kutosha na la ziada, tunachongoja ni maji, na joto lenyewe ndilo tunalolikimbia.

Sababu ni kwamba kiazi kinatunga vizuri udongo ukiwa kwenye nyuzi joto 15 hadi 20. Usiku ukiwa na joto la zaidi ya nyuzi 20, mmea unastawi juu, majani mazito ya kupendeza, ukifukua chini unakuta mizizi na vijiazi kama gololi.

Hatua ya 1: Jua shamba lako liko juu kiasi gani, na upande gani wa mlima

Simu nyingi zinaonyesha mwinuko. Moshi mjini iko kati ya mita 800 na 900 kutoka usawa wa bahari, Arusha mjini ni karibu mita 1,400. Kila ukipanda mita 100, joto linashuka kwa karibu nyuzi 0.6. Kwa hiyo shamba lililo kwenye mwinuko wa mita 1,800, huko juu ya Olmotonyi, lina ubaridi wa nyuzi mbili na ushee kuliko mjini Arusha, na nyuzi tano au zaidi kuliko Moshi mjini.

Msimamo wangu ni huu: chini ya mita 1,400 masika weka mahindi na maharage, viazi utanunua. Kati ya 1,400 na 1,600 inawezekana ukipanda kwa kuchelewa kidogo, ili kiazi kitunge Mei na Juni ubaridi ukiwa umeingia. Kuanzia 1,700 kwenda juu, huko ndiko nyumbani kwa kiazi.

Upande wa mlima nao una neno. Meru na Kilimanjaro zote hupata mvua nyingi upande wa kusini na kusini mashariki: Nkoaranga na Akheri kwa Meru, Kibosho, Machame na Marangu kwa Kilimanjaro. Ukizunguka nyuma, Oldonyo Sambu na Ngarenanyuki, mlima unakuzuia mvua. West Kilimanjaro nako ni kukavu kuliko Machame. Ndiyo maana mtu wa Siha, huko West Kilimanjaro, akimwiga shemeji yake wa Machame tarehe ya kupanda, mmoja wao ataumia, hata kama mashamba yao yako kwenye mwinuko mmoja.

Hatua ya 2: Amsha mbegu kwanza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo siku ya kupanda inapoamuliwa.

Kiazi kikitoka ardhini kinalala. Ukikipanda siku hiyo hiyo hakioti, hata ukikimwagilia asubuhi na jioni. Shangi, ambayo ndiyo imejaa sokoni na wakaanga chipsi wanaipenda, inalala muda mfupi sana, kama mwezi mmoja tu. Aina nyingine nyingi zinalala miezi miwili hadi mitatu. Sasa piga hesabu. Mbegu iliyovunwa kwenye zao la vuli mwishoni mwa Januari, kama ni Shangi, mwishoni mwa Machi iko tayari. Kama ni aina ya kulala sana, mwishoni mwa Machi bado inakoroma, na ukiipanda itaota mmoja mmoja, leo shimo hili, wiki ijayo lile, na shamba zima litakuwa na umri tofauti. Palizi inakusumbua, dawa inakusumbua, mavuno yanakusumbua.

Upande wa pili uko mtego mwingine: mbegu iliyovunwa Julai mwaka jana. Hiyo imeshaamka, imechipua, ikachipua tena, imesinyaa kama uso wa bibi. Ukiipanda inaota upesi lakini mimea ni dhaifu, inazeeka mapema, viazi vingi na vidogo. Mbegu hiyo ingeweza kufaa kama ingehifadhiwa kwenye banda la mwanga hafifu: chanja za fito au mabanzi, kuta wazi zenye wavu wa kuzuia nondo na vidukari, paa la kuzuia jua na mvua, viazi vimepangwa tabaka mbili au tatu tu. Kwenye mwanga wa namna hiyo machipukizi yanabaki mafupi, manene, ya kijani au zambarau, na mbegu inadumu miezi mingi bila kuchoka. Gizani, ndani ya gunia, machipukizi yanakuwa marefu meupe kama uzi, na yote yanakatika siku ya kubeba.

Kwa hiyo mbegu nzuri kwa masika ni iliyovunwa Novemba au Desemba kutoka shamba la kumwagilia, au ya Julai iliyotunzwa kwenye mwanga, au Shangi ya Januari. Muulize muuzaji swali moja tu: "Hii ilivunwa lini?" Asipojua, ondoka. Akijua, ndipo muulize kama imekaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, ama ya kuthibitishwa kabisa, ama ile ya daraja la kuazimiwa ubora, inayozalishwa na wakulima wenyewe.

Inunue wiki nne hadi sita kabla ya siku unayoikusudia, yaani katikati ya Februari. Itandaze ndani ya chumba chenye mwanga ambao jua halipigi moja kwa moja. Kama bado imelala sana, ifunike gunia ikae sehemu yenye joto na giza kwa siku kadhaa mpaka macho yaanze kutokeza, ndipo uitoe kwenye mwanga. Likitokea chipukizi moja tu kichwani mwa kiazi, lile refu linalojifanya mfalme, livunje kwa kidole. Baada ya siku chache macho mengine yataamka, na shina moja litakuwa matatu au manne.

Viazi vya mbegu vikikaa kwenye mwanga vinageuka kijani. Kwa mbegu hilo ni jema, kwa kula ni sumu. Mwaka wa kwanza nilipotandaza zangu barazani, mama mkwe alikuja kututembelea, akasimama, akaangalia, akasema kwa upole ule wa wakwe: "Baba, mbona mnaacha chakula kinaharibika?" Nilirudi jioni nikakuta ameshachambua debe zima "vile vizima" kwa ajili ya kupika. Tangu siku hiyo mbegu zinakaa kwenye chumba chenye kufuli.

Mbegu iliyo tayari unaijua hivi: chipukizi lina urefu wa sentimita 1 hadi 2, nene, ukiligusa halilegei, na kiazi chenyewe kina ukubwa wa yai la kuku. Usikate kiazi vipande ili kuongeza idadi. Najua wengi wanakata. Kisu kimoja kikipita kwenye kiazi chenye mnyauko bakteria kinaugawa ugonjwa kwa debe zima, na kipande chenye kidonda kwenye udongo wa masika, wenye maji na joto, kinaoza.

Idadi: ukipanda sentimita 75 kati ya mstari na mstari na 30 kati ya shimo na shimo, ekari moja inachukua mashimo karibu 18,000. Kwa kiazi cha gramu 50 hiyo ni kilo 900. Nusu ekari basi ni magunia manne na nusu ya kilo 100, na nasema kilo 100 za mizani, siyo lumbesa ya kukadiria kwa macho.

Hatua ya 3: Hesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo

Chukua karatasi. Kwenye miteremko yetu masika huanza kushika kati ya katikati na mwisho wa Machi, Aprili ndiyo yenye maji mengi, na mwishoni mwa Mei inakatika. Baada ya hapo huku juu tunabaki na mawingu, ukungu wa asubuhi na baridi ya Juni na Julai.

Kiazi cha aina ya mapema kinataka siku 90 hadi 100 na kidogo. Katika siku hizo kuna kipindi kimoja ambacho kiu haisamehewi: kuanzia wiki ya tano hadi ya tisa, mmea unapotunga viazi na kuanza kuvijaza, maua yakiwa yanatokeza. Kipindi hicho kiangukie ndani ya mvua. Majuma ya mwisho kinaweza kuvumilia kwa unyevu uliobaki ardhini, tena ukavu unasaidia ngozi kukomaa.

Tuseme unapanda tarehe 27 Machi. Mimea inatoka kati ya 10 na 17 Aprili. Unapandishia udongo mashinani kuanzia wiki ya mwisho ya Aprili, ikifika urefu wa sentimita 15 hadi 25. Maua ni wiki ya kwanza au ya pili ya Mei, mvua ingalipo. Siku ya 90 ni tarehe 25 Juni: unakata majani, unaacha viazi ardhini wiki mbili ngozi ikaze. Unachimba tarehe 9 Julai. Julai hoteli na kambi za watalii Arusha zimeshachangamka na shule zimefunguliwa, wote hao wanataka viazi.

Sasa jaribu tarehe 25 Aprili. Mimea inatoka katikati ya Mei. Inataka kutunga viazi Juni, mvua imeshakwenda zake. Huku juu utabaki na ukungu unaolowesha majani bila kulowesha mizizi: kiu chini, ugonjwa juu.

Jaribu na tarehe 5 Machi, kwa tamaa ya kuwahi soko. Kama mvua ikikubali, utavuna katikati ya Juni na utashangilia. Ikikataa, soma hatua inayofuata.

Dirisha langu mimi, kwa mwinuko wa mita 1,700 kwenda juu upande wa kusini na magharibi ya Meru, ni kati ya 20 Machi na 10 Aprili. Nikipitisha hapo naacha, napanda maharage, mbegu ya viazi inabaki kwenye mwanga au inauzwa.

Hatua ya 4: Tofautisha mvua ya kupandia na mvua ya kufukuza vumbi

Machi 2019 nilikuwa na mbegu safi, imechipua vizuri, matuta tayari. Ikanyesha siku mbili, ya radi, mifereji ikajaa. Mzee jirani yangu alipita na fimbo yake akaniona napanga watu wa kupanda kesho yake. Akasema, "Kijana, hiyo ni ya kufukuza vumbi." Nikamwitikia, "Ndiyo mzee, shikamoo," nikapanda.

Mwaka ule, katikati ya Machi, kimbunga Idai kilipiga Beira kule Msumbiji, unyevu ukavutwa kusini, na masika ya ukanda wetu ikachelewa sana. Jua likawaka siku baada ya siku. Wiki ya tatu nilifukua tuta moja: udongo juu vumbi, chini una joto la mkono wenye homa, chipukizi limekauka likawa jeusi kama kijiti cha kiberiti kilichokwisha kuwaka. Kiazi chenyewe kilikuwa laini upande mmoja. Karibu nusu ya mbegu ilikwenda hivyo. Mzee hakusema neno lolote, na hilo liliniuma zaidi.

Tangu hapo ninafanya mambo matatu.

Februari Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa masika. Mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara wanaiita nyanda za juu kaskazini mashariki, sikiliza sehemu hiyo. Mimi sitafuti humo siku ya kupanda. Natafuta maneno mawili: je, mvua inatarajiwa kuanza mapema au kuchelewa, na je, mtawanyiko wake utakuwa mzuri au mbaya. Wakisema kuchelewa, nasogeza kila kitu kwa siku kumi, pamoja na kununua mbegu. Taarifa zao za siku kumi kumi nazo nazifuatilia kuanzia Machi.

Pili, kopo. Kopo la maziwa ya unga, lenye kuta zilizonyooka, limefungwa kwenye nguzo katikati ya shamba mbali na miti. Kila asubuhi saa moja natumbukiza rula, naandika milimita, namwaga. Nikipata jumla ya milimita 25 au zaidi ndani ya siku tatu nne, na mvua ikarudi tena ndani ya wiki inayofuata, naanza kuamini. Milimita 40 za usiku mmoja na kisha siku tano za jua kali hazinishawishi.

Tatu, jembe, ambalo ndilo lenye kauli ya mwisho. Piga jembe ardhini lizame lote, inua udongo. Unyevu ukiwa umefika mpaka ncha ya jembe, kama sentimita 20, mvua imeingia. Ukikuta sentimita 8 za unyevu juu na unga mkavu chini, rudi nyumbani hata kama majirani wote wamo mashambani.

Kuna wanaopanda mahindi kwenye vumbi wakingoja mvua, na mara nyingi wanafanikiwa. Kwa viazi usijaribu. Punje ya mahindi ni kavu, inaweza kungoja. Kiazi kilichochipua kimebeba maji yake mwenyewe, na udongo wa moto unayanyonya.

Hatua ya 5: Shika udongo mkononi

Baada ya mvua kuingia, kosa linageuka: udongo umelowa mno na mtu hataki kungoja siku mbili. Chota udongo wa kina cha kidole, finyanga donge, kisha ligonge kwa dole gumba. Likivunjika vipande, panda. Likibonyea kama ugali na kukuachia tope vidoleni, ngoja. Lisiposhikana kabisa, ni kavu.

Udongo wetu wa majivu ya volkano huku juu ni mwepesi, siku mbili zinatosha. Kule chini kuelekea Kisongo kwenye udongo mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi, hata wiki haitoshi, na kwa kweli huko usipande viazi masika. Kiazi hakiogelei.

Hatua ya 6: Mtazame jirani, na kumbuka shamba lilikuwa na nini

Hapa ni kwa kifupi. Nyanya, bilinganya, pilipili, mnavu na viazi ni ukoo mmoja. Palipokuwa na mmoja wao msimu uliopita, viazi visirudi kwa misimu mitatu walau, pitisha mahindi, ngano au maharage. Na kama jirani aliye juu yako kwenye mteremko ana viazi vinavyonyauka wakati udongo una maji, kata shina moja karibu na ardhi kwa ruhusa yake, lining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kutikisa. Zikishuka nyuzi nyeupe kama maziwa ndani ya dakika chache, huo ni mnyauko bakteria. Hauna dawa ya kupulizia, na maji ya mvua yatakuletea mpaka mlangoni. Msimu huo panda kitu kingine au chimba mtaro wa kukinga maji kabla ya siku ya kupanda.

Wale mnaolima mitini, kwenye vitalu vya misitu juu huko ambako miti bado michanga, mna bahati ya udongo uliopumzika. Msiupelekee ugonjwa kwa mbegu ya sokoni.

Hatua ya 7: Nunua dawa ya ukungu kabla ya mbegu kuingia shimoni

Anayepanda viazi masika amekubali kupambana na bakajani chelewa, ukungu ule ule uliosababisha njaa kubwa ya Ireland kuanzia 1845. Unapenda hasa hali ya hewa tuliyo nayo Aprili hadi Julai: ubaridi, mawingu, majani yaliyolowa usiku kucha. Unaanza na doa la rangi ya maji ya chai pembeni mwa jani, asubuhi ukigeuza jani unaona utando mweupe chini yake, na ndani ya wiki moja shamba zima linanuka.

Kwa hiyo swali la "lini nipande" lina swali jingine tumboni: je, mimea ikitoka Aprili, nitakuwa na hela ya dawa? Kama jibu ni hapana, punguza eneo. Anza kupulizia dawa ya kinga yenye mankozebu mimea ikiwa na urefu wa kiganja, kila siku saba mvua zikiwa nyingi. Zile zenye metalaksili pamoja na mankozebu ziweke kwa wiki mbaya, mara mbili tu kwa msimu, zisije zikazoeleka kwa ugonjwa. Fuata kipimo cha kwenye lebo, vaa glavu na kitambaa puani. Kupanda mapema ndani ya dirisha kuna faida hii pia: wiki za Juni zenye mawingu na ukungu mzito wa asubuhi zinaukuta mmea umeshajaza viazi vingi.

Usipande ubavuni mwa shamba la viazi vilivyokwisha kuzeeka na kuugua. Hata ukiwa na dawa, utakuwa unafagia huku mwenzako anamwaga taka.

Siku yenyewe

Hatua hizo zikikubaliana, usichelewe tena. Nafanya kazi kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne, na kurudi saa tisa alasiri. Mbegu zinabebwa kwenye kreti au ndoo pana, haziminywi kwenye gunia, na hazikai juani hata kwa muda wa chai. Mfereji wa kina cha sentimita 10 hadi 15, samadi iliyooza vizuri, mbolea ya kupandia, kisha udongo kidogo juu ya mbolea ili isiguse kiazi, maana inaunguza. Kiazi kinakaa machipukizi yakitazama juu. Funika, inua tuta dogo. Chini ya mita 1,600 nafunika na majani makavu pia, ya migomba au mabua, kupunguza joto.

Kama moyo bado una wasiwasi na mvua, gawanya. Panda theluthi mbili siku ya kwanza na theluthi moja baada ya siku kumi. Unapoteza uzuri wa shamba lililo sawa, unapata usingizi.

Ukiwa umechelewa

Ikifika katikati ya Aprili hujapanda, usilazimishe. Vuli inakuja Oktoba na Novemba. Mvua yake ni fupi na haiaminiki kama masika, lakini ugonjwa wa ukungu unakuwa mpole na dawa inapungua. Kwa vuli hesabu ni ile ile, ila mbegu utaitafuta Septemba, na safari hii ile ya Julai ndiyo inayofaa: imelala miezi miwili, imeamka, bado haijachoka.

Siku ya kupanda andika tarehe kwa mkaa au kalamu kwenye ile nguzo yenye kopo. Acha ndoo moja ya mbegu nyumbani kwenye mwanga. Siku ya 18 pita mstari kwa mstari. Palipo na pengo, chimba kwa vidole taratibu. Ukikuta chipukizi jeupe linapanda, rudishia udongo uliache. Ukikuta kiazi laini kinachonuka, kitoe na udongo wake, kitupe mbali na shamba, na sogea nusu hatua pembeni uweke kingine kutoka kwenye ndoo.